Nilivyomfundisha Kuvua

Mimi ni mtu wa ziwa, na watu wa ziwa tuna ugonjwa mmoja: hatuwezi kumtazama mtu akivua vibaya tukanyamaza. Dereva mwenye akili angebaki ndani ya gari na kiyoyozi chake. Mimi nilishuka.

Baba, ndivyo tulivyomwita bosi, alizaliwa Jeddah na alizoea kuvua baharini kila wiki. Nilianza kumwendesha huko, mtaa wa Al-Rawdah. Kazi ilipomhamishia Riyadh alikosa maji, akawa mtu wa kununa. Mwishowe akachimba bwawa kwenye istiraha yake, shamba la mapumziko nje ya mji, akaletewa kwa lori la tangi samaki chotara, wekundu kama nyanya, jamaa kabisa wa ngege, sato wa ziwani kwetu. Hawakuwa wa kuliwa. Unamvua, unapiga naye picha, unamrudisha majini. Kwetu ukifanya hivyo, mkeo atawaita wazee wakuulize una nini.

Kila Ijumaa wageni walikuja na fimbo za kuvulia za bei kali, na samaki hawakugusa ndoana. Ijumaa moja wageni walimcheka Baba waziwazi. Ndipo niliposhuka nikasema kwa sauti kwamba samaki wameshiba, kwamba yule kibarua wa shamba anawalisha kupita kiasi. Kibarua alikuwa amesimama palepale.

Nikakabidhiwa bwawa. Alhamisi sikuwapa samaki kitu. Ijumaa nikaja na ugali mgumu, unga wake nimeununua Manfuha, mtaa wenye maduka ya Waafrika, nikaufinyanga vidonge vidogo vya chambo. Wageni walivua hadi mikono ikawauma. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Ugali wenyewe aliusonga dada aliyefanya kazi ndani ya nyumba, Mluhya wa Kakamega. Aliniita “omera”, neno letu Wajaluo la kuitana ndugu, ila yeye alilitumia kunichokoza.

“Omera, uliona wapi samaki akisongewa ugali? Si ugali ndio hutafutiwa samaki?”

Tulicheka mpaka madam, mke wa Baba, akaja kuuliza kuna nini. Nikikumbuka nchi ile, huanza kukumbuka jiko lile.

Miaka miwili yetu ya mkataba ilitimia pamoja, na kila mmoja alikuwa na haki ya likizo. Mimi nilikuwa na mtoto wa kiume aliyezaliwa nikiwa Jeddah. Sikuwa nimewahi kumshika; yeye alidhani baba ni simu. Dada alikuwa na binti wa miaka sita aliyemwacha kwa nyanya yake. Nilipoomba ruhusa ya kusafiri, Baba alinijibu kwa upole.

“Mafi mushkila, hakuna shida, utaenda. Lakini samaki wangu nitamwachia nani?”

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kibarua wa shamba, Baba hakumwamini tena, na nani aliyemchongea kama si mimi na mdomo wangu?

Nikaenda jikoni. Tulikubaliana hivi na dada: nimfundishe kuvua na kutunza bwawa, niende miezi miwili, nikirudi aende yeye.

“Sisi ni watu wa kuku,” alisema. “Lakini haya, nifundishe.”

Ilituchukua Ijumaa tatu. Madam aliketi kwenye zulia na chai yake, akitutazama. Nilimwonyesha dada jinsi ya kuulaza mshipi juu ya kidole na kungoja: samaki akidonoa mara ya kwanza mwache, ya pili mwache, ya tatu vuta. Alikuwa na pupa, alivuta ya kwanza kila mara, nami nikamfokea kama babangu alivyonifokea. Alipompata wa kwanza alipiga kigelegele hadi madam akamwagikiwa na chai. Maji yalinukia vumbi bichi, samaki alirukaruka majanini, na sisi wawili tulisahau kwamba tuna kafili, bosi ambaye bila idhini yake hatutoki nchini. Sijawahi kufurahi vile tena penye maji.

Ijumaa ya tatu alinishinda kwa samaki watano. Baba akapiga makofi.

“Halas, basi,” akaniambia. “Nenda.”

Dada alinipa gauni la bintiye. Nilipofika nyumbani nilikaa siku nne tu kabla ya kulipeleka Kakamega mwenyewe. Mtoto alilivaa palepale, akaniuliza mama anakuja lini.

“Nikirudi tu,” nilimwambia.

Nilikusudia hivyo, Mungu ni shahidi. Lakini mwanangu, ambaye wiki ya kwanza alinikimbia, wiki ya tano alianza kulala kifuani mwangu na kulia nikitoka nje. Mke wangu hakusema nibaki. Aliangalia tu pasipoti juu ya kabati kila alipopita. Miezi miwili ikaisha, visa ya kurudi nayo ikaisha, na mimi sikumpigia dada simu. Nilijiambia atajua mwenyewe.

Alinipigia yeye, mara nne. Sikupokea. Kisha akatuma ujumbe wa sauti, na ndani yake nilisikia maji.

“Omera, Baba anasema hawezi kuniachilia mpaka wewe urudi, kwa sababu ya samaki. Sikulaumu. Ila kama hurudi niambie, nijue nitamwambia nini mtoto.”

Niliusikiliza mara mbili, mwanangu amelala juu yangu. Sikumjibu.