Siku Nilipoipaka Nyumba ya Mama Neema Rangi Nyekundu

Mimi si mtu wa kusimulia mbele ya watu, hata darasani mwalimu akiniita nilikuwa naangalia miguu yangu tu, lakini aibu hii mtaa wetu mzima wa Kasenga unaijua na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, kwa hiyo afadhali niiandike mwenyewe, polepole, jinsi ilivyokuwa.

Kazi yangu ni kujenga kwa matofali yasiyochomwa. Tunachanganya udongo, mchanga na simenti kidogo, tunashindilia kwa mashine ya mkono, tunayafunika yakauke kivulini, basi, hakuna tanuru wala kuni. Wakati ule wa vita kuni zilikuwa juu milimani, na milimani walikuwa wenye bunduki, kwa hiyo mtu aliyetaka matofali mekundu ya kuchoma alikuwa anamtuma mtoto wa mwenzake huko (wa kwake alibaki nyumbani). Matofali yangu ni imara, hilo nalisema bila kuona haya. Ila yana rangi ya udongo, na huku kwetu mtu akiona ukuta wa rangi ya udongo anajua tayari watu wa humo wanakula nini.

Mama Neema alikuwa mjane aliyekimbia vita kutoka Sange na watoto wake. Alikaa Kalundu, chumba cha nyuma kwa shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, Papa Byamungu, shemasi wa kanisa, mtu mnene mwenye sauti. Alipochoka kuomba ruhusa hata ya kuwasha moto, akapata kiwanja Kasenga akaniita nimjengee. Shemasi akaja, akayadonoa matofali yangu kwa fimbo.

"Bibi ya ndugu yangu hawezi kulala mu nyumba ya matope," akasema. "Siku ya maombi ya kuibariki nyumba nitakuja kuona. Kama iko matope, watoto wanarudi kwangu."

Mama Neema aliniangalia mimi.

Basi mimi, bila kuulizwa na mtu, siku moja kabla ya maombi nikaenda kuchimba udongo mwekundu, nikaukoroga na maji, nikaipaka nyumba nzima, ndani na nje. (Nilijua rangi kama hiyo inataka uji wa muhogo ili ishike. Lakini unga uliokuwepo ulikuwa wa bugali, na mimi nilikuwa na njaa.)

Jumapili wakaja moja kwa moja kutoka kanisani, mashati meupe, vitenge vipya. Shemasi akasimama katikati ya chumba.

"Haya ndiyo matofali! Yameiva! Weye kijana, kuni ulitoa wapi?"

"Juu," nikadanganya, badala ya kufunga mdomo na kwenda zangu.

Wimbo wa pili haujaisha, tukasikia risasi upande wa barabara. Kwetu hakuna anayefundishwa la kufanya: unatoka mbele ya dirisha, unabandika mgongo ukutani, unateleza mpaka chini. Watu wote wakabandika migongo kwenye kuta zangu, wakateleza. Baadaye kidogo mtu akapiga kelele nje kwamba ni askari mmoja mlevi anapiga hewani tu, tusimame. Tukasimama. Mama mmoja akauona mgongo wa shemasi.

"Yesu wangu! Papa shemasi amepigwa!"

Shemasi akajipapasa, akauona mkono wake mwekundu, akaanguka kama gunia. Hapo kila mtu akamwangalia jirani yake. "Na weye pia!" "Minye pia! Minye pia nimepigwa!" Kilio kikajaa nyumba. Nikasema si damu, ni rangi, lakini sauti yangu mnaijua, hata kuku haimshtui. Wakambeba shemasi, wakambana kwenye pikipiki kati ya dereva na kijana wa kwaya, na sisi wote mbio nyuma yake mpaka kituo cha afya, tukilia barabara nzima.

Muuguzi akamvua shati, akafuta kwa pamba, akanusa pamba.

"Papa," akasema, "weye umepigwa na udongo."

Kile kicheko nadhani hata Kalundu walikisikia. Shemasi hakucheka. Akarudi mpaka nyumbani kwa Mama Neema kwa miguu, kifua wazi. "Nilijua! Iko matope! Mama Neema, kusanya watoto."

Mama Neema akanigeukia mbele ya watu wote. "Leta maji. Osha yote."

Nikaosha. Rangi ikatiririka uani, na shemasi akasimama karibu akingoja ukuta nao uyeyuke, mwishowe akaninyang'anya ndoo akamwaga mwenyewe, kisha akaupiga teke. Akashika kidole chake cha mguu. Ukuta ulikuwa umesimama, rangi yake ya udongo, pembe zimenyooka.

"Shemeji," Mama Neema akasema, "chai iko tayari. Ingia unywe. Watoto wapo kwao."

Akaingia, akanywa, akiwa amekaa mbali na ukuta.

Mvua zilipokwisha shemasi akaja kunitafuta peke yake, anataka vyumba viwili kama vya Mama Neema. "Lakini mbele, upande wa barabara," akasema kwa sauti ya chini, "uweke karangi kidogo."

Mimi niliyezoea kuangalia miguu yangu, siku hiyo nikamwangalia yeye usoni. "Papa shemasi, hapana. Tofali langu likae na rangi yake, au tafuta fundi mwingine."

Tulianza kazi Jumatatu.