Mijohoro ya Watoto wa Reli, Kilosa

Sikwenda Kilosa kutembea. Mama yangu, ambaye miguu haimruhusu tena kusafiri, alisikia kwamba bustani kongwe ya mji ule itakatwa miti ili zijengwe fremu za maduka, na kwamba Jumamosi wananchi wangekutana kuamua. Akaniambia, "Kitovu changu kimezikwa chini ya mjohoro mmoja pale. Ukikatwa, mimi nitakuwa mtu wa wapi?" Nikafunga duka langu la vipuri hapa Mikumi. Mimi nikikasirika sipigi kelele, naondoka.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliiacha milima ya Vidunda nyuma. Masanze tulisimama kupakia mahindi, na wapakiaji walikuwa wakipiga soga kana kwamba siku ni yao. Nikashuka, nikabeba magunia mawili mwenyewe. Walinicheka, lakini tuliondoka.

Saa nne nilikuwa Kilosa, nyumbani kwa Bi Tatu, aliyecheza na mama utotoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako Zuhura hajambo?"

Hakungoja hata nimalize chai, akanipeleka bustanini. Maisha yangu yote niliamini kwamba miti ile ilipandwa na mzungu fulani, nikamwambia hivyo.

"Mzungu gani? Yeye alichora vijia vya bustani tu," akasema kwa ukali. "Baba zetu walikuwa gengi la reli, vibarua wa kutengeneza njia ya treni, wametoka mbali. Kwao kitovu cha mtoto huzikwa nyumbani. Sasa nyumba iko wapi? Kota, ile nyumba ya kazi, ni ya reli, ukihamishwa anaingia mwingine. Wakaona bustani ni ya wote, hakuna wa kuwahamisha humo. Wakazika vitovu vyetu hapa, na juu yake wakapanda mti."

Akanionyesha mjohoro wa mama, wa tatu kutoka kwenye bomba la maji. Niliushika, machozi yakanilenga, wala sioni haya kusema.

Saa nane mkutano ulianza palepale bustanini. Mwenyekiti akauliza nani ana hati inayoeleza bustani ni ya nani na tangu lini. Nikasimama.

"Hati sina. Naomba kila ambaye kitovu chake au cha mzazi wake kimezikwa hapa, akasimame kwenye mti wake."

Nikatangulia. Bi Tatu akafuata, kisha muuza mkaa, kisha mwalimu mmoja na wanawe. Viti vikabaki vitupu. Mwishowe mwenyekiti naye akavua kofia, akaenda kwenye mjohoro wa langoni. "Wa mama yangu," akasema. Habari ya fremu ikaishia hapo.

Jioni nilirudi Mikumi nikiwa nimejifunza jambo moja: historia ya bustani ile haikuandikwa kwa sababu walioipanda hawakudhani kuna siku watoto wao wataulizwa.

Mama alikuwa hajala, ananingoja.

"Umeuona? Umekua?"

"Nimeukumbatia, mama. Mikono haikukutana."

Akavuta sahani yake, akaanza kula.