Wake Wawili, Virusi Viwili

Nyamizi, mke mkubwa wa Nkwabi, alikuwa mwanamke ambaye majirani wa kijiji cha Namawala walimwachia watoto wao bila wasiwasi. Alifika bondeni huko na mumewe na ng'ombe wao kutoka Usukumani, akajifunza kulima mpunga, na hakupenda kusemwa na watu.

Mwaka 1998 alipimwa mlango wa kizazi mjini Ifakara pamoja na Rosemery, mke mdogo. Nesi Klementina aliwaeleza majibu. Wote walikuwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Cha Rosemery kilikuwa cha aina ambayo kwa kawaida hutoweka yenyewe. Cha Nyamizi kilikuwa cha aina inayoweza kuleta saratani, tena cha tawi ambalo watafiti walilishuku zaidi, na sehemu ndogo ya mlango wa kizazi ilikuwa imeanza kubadilika. Aliagizwa arudi Alhamisi, sehemu hiyo iondolewe mapema.

Njiani Rosemery alicheka. "Dada, bwana mmoja, virusi viwili! Hicho chako kimetoka boma la nani?"

Ulikuwa utani tu. Lakini kwao ng'ombe asiye na alama ya Nkwabi sikioni huulizwa alikotoka, na Nyamizi alikipima kirusi kwa kanuni hiyo hiyo. Hakuwahi kumjua mwanamume mwingine. Nani angemwamini? Alhamisi ilipofika alisema ndege wanamaliza mpunga, akaenda kuwafukuza. Alhamisi iliyofuata alisema vivyo hivyo.

Rosemery ndiye aliyekumbuka kwamba shamba lile lilikuwa limekwisha kuvunwa. Aliona haya, akapanda baiskeli kumfuata nesi.

Klementina alipofika, Nyamizi aliomba mumewe aitwe. "Mwambie wewe, sista. Nikisema mimi, ataona najitetea."

"Shikamoo, mzee," Klementina alimwamkia Nkwabi alipokuja.

"Marahaba."

"Mtu mmoja anaweza kubeba virusi vya aina kadhaa. Mke huyu akapata hiki, yule akapata kingine. Tena huweza kukaa kimya miaka mingi. Tofauti za aina hizo hutuonyesha ukubwa wa hatari. Hazituonyeshi kirusi kimetoka kwa nani."

Nkwabi alitazama miguu yake. "Kabla ya kumwoa huyu mkubwa nilikaa migodini, na sikukaa peke yangu," alisema taratibu. "Huyu mdogo aliponisimulia utani wake, nami nilicheka. Sikujiuliza mwenyewe."

Rosemery alijifunika mdomo kwa kanga.

Alhamisi ya wiki hiyo walikwenda Ifakara wote watatu. Nkwabi alikaa kwenye benchi la nje, mwanamume peke yake katikati ya wanawake, kofia mapajani. Ndani, Nyamizi alilala kitandani, amejifunika uso.

"Unaumia, mama?" Klementina aliuliza.

"Siumii sana. Naona haya."

"Tupumzike kwanza?"

"Hapana, sista. Nikiinuka sasa sitarudi tena. Malizia."

Klementina akamalizia.