Kwa ‘Mama Kaa Hapo’, mtu haachi sikio lake

Saa tatu asubuhi, chumba kilicho juu ya duka la vitambaa kimetulia kabisa. Watu watatu wameketi kwenye benchi wakitazama mikono ya mwanamke mmoja. Hakuna anayepiga soga, maana wawili kati yao hawasikii kwa sasa. Masikio yao yako mezani, yamefunguliwa.

Mwanamke huyo ni fundi wa vifaa vya kusaidia kusikia. Ana umri wa miaka hamsini na miwili, miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na jina alilopachikwa na wateja: Mama Kaa Hapo.

Jina limetokana na sheria yake. Hapokei kifaa kisha akamwambia mwenyewe arudi kesho. Mteja anaketi, fundi anafungua. Muda usipotosha, mteja anaondoka na kifaa chake sikioni hata kama kinapiga miluzi, arudi siku nyingine. Ukikiacha mezani ukachomoka kwenda sokoni, atakukimbiza hadi kwenye ngazi.

“Mtu akiacha simu, ameacha simu,” anasema bila kuinua kichwa. “Akiacha hiki, ameacha watoto wake, majirani zake na honi ya gari. Mimi nitalalaje?”

Hakuanzia kwenye bisibisi. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa karani katika ofisi iliyopokea vifaa vibovu na kuvituma ng’ambo vikatengenezwe. Aliandika fomu, akatoa stakabadhi, halafu siku zilizobaki akawa mtu wa kusema “bado”. Karatasi iliahidi wiki sita. Kwa kawaida zilikuwa kumi na nne, na kifurushi kikikwama forodhani, hesabu ilifika ishirini.

Kuna fomu moja aliyoikosea, na hilo analisema mwenyewe kabla hujamuuliza. Aliandika sikio la kushoto badala ya kulia. Mafundi wa huko walipoona maelezo hayaoani na kifaa, hawakupiga simu wala kukigusa. Walikirudisha kama kilivyokwenda, na safari ikaanza upya.

Mwenye kifaa alikuwa seremala mstaafu. Kila Alhamisi alikuja na mkewe, akavua kofia na kumtazama karani midomo. Karani akatikisa kichwa. Mzee akashukuru, akaenda zake. Mkewe ndiye aliyeeleza kwamba nyumbani mzee amejitenga, kwamba wajukuu wakicheka anadhani wanamcheka yeye.

Kifaa kilirudi kikiwa kizima, siku tisa baada ya mazishi.

“Sikumuua mimi, hilo nalijua,” anasema, na hapa mikono inasimama. “Lakini miezi yake ya mwisho aliishi kama mtu aliyefungiwa ndani ya chupa. Kifuniko nilikifunga mimi, kwa kalamu yangu.”

Mjane hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alitia saini, akaondoka, na wiki iliyofuata akarudi na kifaa kilekile. Aliomba kipewe mtu yeyote anayesubiri chake. Meneja alikataa, akisema utaratibu huo haupo. Mwisho wa mwezi karani aliacha kazi.

Miaka miwili alijifunza kwa fundi wa redio, akifungua vifaa vilivyokufa na kuvifunga tena mpaka vidole vikazoea skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta. Mumewe, fundi bomba, aliwaambia jamaa kwa utani kwamba mke wake ameacha mshahara ili achokonoe nta za masikio ya watu. Leo benchi la wateja ni kazi ya mikono ya mtani huyohuyo, na kila Jumamosi anakuja kufagia.

Anayefuata kwenye benchi ni mwalimu wa darasa la pili. Kifaa chake kimezimika tangu juzi. Jumatatu ana mtihani wa kusoma kwa sauti, watoto arobaini na wanane, mmoja baada ya mwingine. Mwalimu mkuu amekwisha kumwambia kwamba asiposikia, darasa litapewa mtu mwingine hadi mwisho wa mwaka.

Fundi anapiga brashi kutu iliyoletwa na jasho, anabadilisha betri, anajaribu. Kimya. Anajaribu tena, kisha anavuta pumzi. Spika imeungua, na spika ya aina hiyo haipatikani hapa. Lazima kifaa kisafiri. Anaandika kwenye karatasi: wiki kumi na nne, wasipochelewa.

Mwalimu anasoma, anaanza kufunga mkoba wake. Machozi yanamtoka bila sauti.

“Kaa hapo,” fundi anamwonyesha kwa mkono.

Anavuta droo. Ndani mna vifaa vinne vya kuazimisha, vyote vimeletwa na familia zilizofiwa. Cha kwanza kilikuwa cha seremala, alichokabidhiwa na mjane baada ya meneja kukikataa. Anachagua kimoja kinachofaa, anakisafisha, anahamishia juu yake kile kipande cha plastiki kilichofinyangwa kwa umbo la sikio la mwalimu, anakiunganisha na kompyuta na kurekebisha sauti kidogo kidogo. Dakika arobaini hana habari na mtu mwingine.

Kisha anakwenda nyuma ya benchi, mahali midomo yake haionekani, na kutaja namba taratibu.

“Saba,” mwalimu anaitikia. “Kumi na tisa. Thelathini na… mbona unanong’ona?”

Benchi zima linacheka. Fundi hacheki, anafuta miwani, zote mbili.

Mipango yake sasa ni kufikisha vifaa ishirini kwenye droo hiyo, na tayari ameiandikia ofisi yake ya zamani mara tatu akiwasihi nao waweke droo ya kwao. Barua mbili hazikujibiwa. Ya tatu imejibiwa: aende Jumatano awaeleze. Ana hofu, lakini maneno ya kuwaambia anayo.

“Nitawaambia kifaa kikae huko hata mwaka,” anasema. “Mwenyewe abaki hapa na watu wake.”