Maua ya Kwenye C

Dada yangu ni fundi wa kudarizi. Maua anayoyatia kwenye mito na mashuka aliyachora marehemu mumewe kwenye kompyuta, kwa programu ya Windows, akiugua kitandani.

Baada ya msiba, mdogo wa marehemu akajitia kimbelembele. Akaiondoa Windows kwenye kompyuta, akaiwekea Linux, na ile programu akaifungua kwa Wine, chombo kinachoidanganya programu ya Windows ijione bado iko kwao. Maua yote dada akayahifadhi kwenye diski ya C, pale programu ilipomwelekeza.

Jana programu iligoma kufunguka. Bwana mdogo akaja, akakikazia macho kioo kama daktari bingwa.

"Dawa yake ni kufuta folda ya Wine na kuanza upya."

"Maua yangu hayatapotea?" dada akauliza.

"Shemeji, wewe shona tu. Haya mambo niachie mimi."

Akafuta. Programu ikafunguka chapuchapu, nyeupe, haina hata ua moja.

"Yalikuwa kwenye C," dada akasema.

"Ahaa! C yenyewe si ndiyo ilikuwa ndani ya hiyo folda? Nani alikutuma uyaweke huko?"

Jamaa akampigapiga begani.

"Usijali, shemeji. Si yatachorwa mengine?"

Anayasema hayo mtu aliyebeba jeneza la mchoraji mwenyewe! Halafu akauliza kama kuna chai, na dada yangu akainuka kwenda kumpikia.