Mwonjaji wa Mkate

Mama alipofariki, baba akiwa amemtangulia kwa miaka michache, nililazimika kujifunza kupika mkate wa kumimina. Wali na mchuzi nilikuwa nikivijua. Mkate aliupika mwenyewe, na katika mtaa wetu hapa Amu, mwezi wa Ramadhani jirani akikuletea sahani ya kaimati, humrudishii sahani tupu. Mwaka ule sahani nyingi ziliingia kwetu kwa huruma. Sikutaka zitoke na shukrani peke yake.

Shule nilikuwa nimeshaiacha. Asubuhi nilisafirisha mchanga kwa punda hadi kwenye nyumba zinazojengwa, adhuhuri nikarudi jikoni. Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume aliyekuwa darasa la saba, na kitinda mimba wetu wa kike, ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanaota upya.

Tulipika kwa kubana. Mchele tulinunua chenga, kwa kuwa ukishasagwa hakuna ajuaye kama punje zilikuwa nzima au zimevunjika. Nazi moja ilifanya kazi mbili: tui zito liliingia kwenye mkate, jepesi likaenda kwenye mchuzi wa samaki. Mkate huu unataka moto chini na juu. Chini ya sufuria tulitia makaa, na juu ya kifuniko tukawasha vifuu vya nazi tulivyookota kwa majirani, ili makaa yafike mwisho wa wiki.

Kazi tuligawana vilevile alivyotugawia mama. Mdogo wangu alikuna nazi, akasaga mchele, akatia sukari na iliki. Hamira na moto vilikuwa vyangu. Kitinda mimba alifagia, akaosha vyombo vidogo, na ndiye aliyekuwa mwonjaji.

Kuonja kwetu kulikuwa cheo. Mwenye saumu akiwa na haja anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi kisha akatema, lakini mama hakupenda. Alikuwa akisema, kama kuna mtoto ndani, ya nini kujitia shaka? Basi kijiko kilipelekwa kwa mdogo wa nyumba, naye ndiye aliyetoa hukumu. Kazi hiyo niliishika mimi, kisha akaishika mdogo wangu, na kila mmoja wetu aliiacha siku alipoanza kufunga.

Katikati ya mwezi, shangazi yetu, dada yake baba, alipiga simu kutoka Siyu. Mikono yangu ilikuwa imejaa tui, nikaweka simu kwenye spika.

"Mwanangu, nitakuja nimtwae huyo mtoto wa kike," alisema. "Mtoto mdogo hakai nyumba isiyo na mama. Wewe ni mwanamume, uko na punda kutwa. Nani atamsuka? Nani atamfunda?"

"Tunaangaliana, shangazi."

"Nitakuja nijionee."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto, ana nyumba safi na minazi yake. Kwake mtoto angekula vizuri kuliko kwetu, hilo nilijua. Lakini nilijua pia kwamba mjomba aliyeko Mombasa alikuwa anasubiri neno tu amchukue mdogo wangu wa kiume. Akitoka mmoja, atatoka na wa pili, na mimi nitabaki na funguo za nyumba.

Siku aliyokuja shangazi, kitinda mimba aliamka nasi daku, akala wali kimya. Nikadhani ni njaa. Mchana hakutoka kucheza. Alifagia ua, akalala kidogo kwenye mkeka, akaamka, akaufagia tena.

Alasiri mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusaga, akaitwa gatini akapokee mzigo wa shangazi. Aliacha bakuli akakimbia. Nilisikia harufu ya iliki, na iliki na sukari huwa anavitia pamoja, basi sikuuliza. Mkate ulipoumuka nikachota kijiko, nikampa mwonjaji wetu. Alikwenda nacho uani, akarudi nacho kimeoshwa.

"Tamu?"

"Tamu," akajibu, bila kunitazama.

Nikamimina, nikafunika, nikapanga vifuu. Juu mkate ulikataa kupiga rangi. Nikalaumu vifuu vibichi, nikaongeza vingine. Nikaukata, nikaujaza kwenye sahani za majirani, na mdogo wangu, aliyekwisha kurudi na shangazi, akazipeleka kabla ya adhana.

Magharibi tukafungua kwa tende na maji. Shangazi alimega mkate, akatafuna polepole. Mdogo wangu akatia kipande kinywani, akasimamisha taya.

"Kaka, huu ni mkate au ukuta?"

Nikaonja. Haukuwa mbaya, ulikuwa hauna kitu. Kabla sijasema neno, sauti ya Bi jirani ilitufikia kutoka ng'ambo ya ukuta: "Enyi wanangu! Mkate wa yeo mmempikia mgonjwa wa sukari?"

Mdogo wangu akajipiga paji la uso. "Sukari! Niliitwa gatini!"

Shangazi hakucheka. "Kwani hapa hakuna anayeonja?"

Sote tukamgeukia kitinda mimba. Alikuwa ameshika gilasi ya maji kwa mikono miwili, na nyingine ilikuwa tayari tupu mbele yake. Hapo ndipo nilipoona midomo yake ilivyokauka.

"Uliuonja?" shangazi akamuuliza.

Mtoto akapiga funda jingine la maji.

"Mwanangu, yeo umefunga?"

Akaitikia kwa kichwa. "Tangu daku. Hata mate sikumeza makusudi."

"Nani aliyekwambia ufunge kutwa, na jua hili?"

"Wewe," akasema. "Ulisema kwenye simu mtoto mdogo hakai nyumba isiyo na mama. Mimi si mdogo. Nimefunga."

Mdogo wangu aliyekuwa akicheka aliinamisha uso kwenye sahani. Shangazi alimvuta mtoto, akamkalisha karibu naye, akamlisha samaki kwa mkono wake, akimchambulia miiba. Kipande chake cha mkate alikimaliza chote. Baada ya tarawehe akamfungua nywele, akamsuka upya, na hakusema neno lolote kuhusu Siyu.

Usiku ule sikupata usingizi wa maana. Nilikunja nguo za mtoto, nikazitia kwenye mfuko, maana boti za kwenda Pate, kisiwa iliko Siyu, hufuata maji kujaa na kupwa, nami sikutaka aondoke kwa kukurupushwa.

Baada ya alfajiri shangazi alitoka chumbani akiwa amevaa buibui. Aliuona mfuko karibu na mlango. Akaunyanyua, akaupima uzito kwa mkono, akaurudisha chini.

"Mfunde kufunga nusu siku kwanza," aliniambia. "Akisikia adhana ya adhuhuri, ale. Mwakani aongeze. Sisi baba yako na mimi tulianza hivyo. Na nywele, mpeleke kwa Bi jirani kila Ijumaa, usimwache na matimutimu."

"Nitampeleka, shangazi."

"Tutazame, basi."

Mdogo wangu akamchukulia mzigo, wakatoka. Nilibaki nimesimama na mfuko miguuni.

Jua lilipokuwa limeingia uani, kitinda mimba aliamka. Akatazama kitanda alicholala shangazi, kisha akanitazama mimi.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Akauliza kule Siyu shangazi anafuturu na nani. Nikamwambia kwamba jioni tutampigia simu, na yeye ndiye atakayezungumza.