Pigo Moja la Ngoma ya Tatu

Kabla sijaigusa siku yoyote ya ujana wangu, mwanangu, acha niiweke mizigo miwili mbalimbali. Huku naweka niliyoyaona kwa macho yangu na kuyatenda kwa mikono hii. Kule naweka niliyoambiwa. Nilifundisha hesabu kwa miaka mingi, na mwanafunzi aliyeniletea jibu bila kuonyesha njia sikumpa alama, hata jibu lilipokuwa sahihi. Haitanipendeza kukufanyia wewe nisichomruhusu yeye.

Jambo lenyewe ni hili. Mjukuu wangu Mumbua hupiga ngoma kanisani kwetu hapa Kalama. Ameitwa ajiunge na kikosi cha ngoma cha vijana pale Machakos mjini, kile kinachoingia mashindanoni kwa ngoma, tarumbeta na gwaride, waamuzi wakitembea kando na karatasi zao. Jumatatu alikuja kuniambia kwamba hataenda.

"Babu, wanasema ukiingia huko mkono wako unakufa. Unakuwa tu kama mashine. Na waamuzi wanajua mshindi hata kabla watu hawajafika uwanjani."

"Wanaosema ni nani?"

"Watu."

"Watu gani?"

Akatabasamu, maana ananijua. "Babu nawe. Watu tu. Hata kwenye simu iko."

Sikumwambia aende, wala sikumwambia abaki. Nilimsimulia kisa changu, na sasa nakusimulia wewe, kwa sababu najua si Mumbua peke yake anayeamuliwa mambo yake na hao watu wasio na majina.

Siku inayonirudia mara nyingi ni Jumanne moja ya kiangazi, nilipokuwa na miaka kumi na saba. Wakati huo nilikuwa na mkono mwepesi. Sijisifu, akina mama wa kanisa waliponiita kwenye harusi waliniita kwa jina, na wapiga ngoma wengine waliachwa wakae. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikwisha kuanza kulitia.

Mwalimu Nzioka, aliyewahi kupiga ngoma jeshini kabla ya kurudi nyumbani kufundisha, ndiye aliyetukusanya vijana wa kanisa tuwe kikosi cha mashindano. Kazi yake haikuwa rahisi. Baadhi ya wazee wa kanisa waliona ngoma yoyote ni ndugu wa ile ya kilumi, iliyopigiwa mapepo, na haistahili kukaribia mlango wa ibada. Walikubali kwa sharti moja, nami nilikuwepo liliposomwa mbele ya waumini: kikosi kisipokuwa miongoni mwa viwili vya kwanza, ngoma zifungiwe ghalani na vijana warudi kwaya.

Mwalimu alitujaribu mmoja mmoja, kisha akatupanga. Ngoma ndogo zenye nyuzi zilikuwa nane, na kila kijana alizitaka, kwa kuwa ndizo zinazosema maneno mengi. Ngoma kubwa zilikuwa nne, zikipungua ukubwa kutoka ya kwanza hadi ya nne. Wapigaji wake hawakupiga pamoja. Waligawana wimbo: wa kwanza pigo moja, wa pili moja, wa tatu moja, wa nne moja, sauti ikapita kutoka kifua hadi kifua kama mtu anayeteremka ngazi. Mimi, niliyeitwa kwa jina harusini, nilipewa ngoma kubwa ya tatu. Pigo moja. Kisha kungoja.

Nilivumilia wiki kadhaa. Rafiki yangu Kimeu, aliyekuwa amejaribiwa na kukataliwa, alikuwa akija kutazama mazoezi kutoka ukutani. Jumanne hiyo, siku nne kabla ya mashindano, tulirudi naye nyumbani.

"Fundi mzima," akaniambia, "umefanywa mtu wa foleni ya maji. Unasukuma debe hatua moja, pu, halafu unangoja tena."

"Ndiyo mpango wa Mwalimu."

"Mpango? Hujui nafasi yako ya ngoma ndogo amepewa mpwa wake? Kila mtu anajua. Wewe tu ndiye hujui."

Kweli mpwa wa Mwalimu alikuwa kwenye ngoma ndogo. Hilo nililiona. Lakini kwamba ile ilikuwa nafasi yangu, na kwamba ilitolewa kwa undugu, hayo niliyasikia tu, tena kwa mtu mmoja aliyekuwa na donda lake. Nikayachanganya yote katika kikapu kimoja. Kuna msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nauheshimu urithi wa wahenga, lakini huo nimekataa kuufundisha. Mengi yaliyosemwa nimeyangoja hadi mvi zikanijaa, na hayajaja.

Jumatano sikwenda mazoezini. Alhamisi na Ijumaa pia sikwenda. Sikumwambia Mwalimu neno, na mama nilimwambia tumemaliza. Jumamosi nilikwenda uwanjani kama mtazamaji na kusimama nyuma ya akina mama waliouza ndizi, nikitaka kuhakikisha kwamba kikosi hakinihitaji.

Vilikuwepo vikosi vitano. Cha Matuu kilipita kabla yetu na kilipendeza. Nilikihesabia hatua, hakikukosa hata moja. Kisha wakaingia wenzangu, na katika safu ya ngoma kubwa niliona watu watatu, na kati ya wa pili na wa mwisho pengo la upana wa mtu. Mwalimu hakuwa amesogeza safu.

Walipoanza, nilisikia pu, pu, kisha hewa tupu, kisha pu. Mara ya kwanza pengo lilikuwa sawasawa, na watu walio karibu nami walidhani ndivyo wimbo ulivyo. Mara ya pili mpigaji wa nne, aliyezoea kunisikia mimi ili ajue zamu yake, aliwahi. Mara ya tatu alichelewa. Miguu ya safu ya nyuma ilikuwa ikikanyagia pigo lake, kwa hiyo miguu nayo ikababaika, na tarumbeta, zilizofuata miguu, zikagongana zenyewe. Mama mmoja wa ndizi akamwambia mwenzake, "Hawa wa Kalama wamelala wapi?" Wakacheka. Mkono wangu wa kulia ulikuwa ukipiga paja langu kila zamu yangu ilipofika, nami sikuweza kuuzuia.

Matokeo yaliandikwa kwa chaki ubaoni. Tulikuwa wa nne. Niliyasoma mwenyewe, na nikalielewa sharti la wazee bila kukumbushwa na mtu.

Jumatatu jioni Mwalimu Nzioka alikuja nyumbani. Mama akamkaribisha, akamwekea chai, akasema, "Mwalimu, huyu aliniambia mmemaliza mazoezi tangu Jumanne." Mwalimu akanitazama, akanywa chai yake, asiniumbue mbele ya mama yangu. Kwa hilo la kwanza namshukuru hadi leo. Mama alipotoka kufunga mbuzi, akaniuliza kwa sauti ya kawaida.

"Kwa nini uliondoka?"

Nikamweleza habari ya mpwa.

"Uliniona nikimpa nafasi yako?"

"Hapana, Mwalimu."

"Uliniuliza?"

"Hapana."

"Nani alikuambia?"

Akajijibu mwenyewe. "Kimeu ana macho makali. Ameona hata nisilolitenda." Kisha akaweka kikombe chini. "Sikiliza. Ngoma ndogo ni nane. Mmoja akiteleza, saba wanamfunika, na mwamuzi hasikii kitu. Mpwa wangu huteleza, ndiyo maana nimemweka pale afunikwe. Ngoma kubwa ya tatu haina wa kuifunika. Pigo lake haliangukii mguu wa kushoto wala wa kulia, linaangukia katikati, na anayelipiga asipojiamini anawaangusha wote. Nilimtafuta mtu mmoja tu katika kikosi kizima. Nikakupata wewe."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimwuliza, maana kuuliza nilikwisha kujifunza papo hapo, kama aliliacha pengo ili kuniaibisha. Watu walikuwa wameanza kusema hivyo. Akashangaa. "Nikuaibishe kwa kuwaaibisha vijana wengine wote? Nilijaribu kumpa wa nne mapigo mawili, mkono wake ukachelewa. Siku tatu hazitoshi kumfundisha mtu kungoja."

Akasimama kuondoka, na mlangoni akanipa kazi. "Wazee wanakaa Alhamisi. Wameambiwa kwamba ngoma ndiyo iliyotuangusha, na kwamba Mungu ameonyesha wazi. Utakuja useme uliyoyaona na uliyoyatenda. Uliyoyasikia yaache hapa kwenu na mbuzi."

Mwanangu, nimesimama mbele ya wakaguzi wa shule na mbele ya majaji wa mahakama katika kesi ya mpaka wa shamba, lakini sijawahi kutetemeka kama Alhamisi ile. Wazee walikuwa saba. Nilisema kwamba ngoma haikukosa, mimi ndiye niliyekosa. Niliiacha nafasi yangu bila kumwambia mtu, na wenzangu wakaanguka katika tundu nililolichimba. Mzee mmoja mkali, ambaye ndiye aliyezichukia ngoma kuliko wote, akaniuliza ni nani aliyenishawishi. Jina la Kimeu lilinifika kwenye meno. Nikasema, "Niliambiwa maneno, mzee, lakini miguu iliyoondoka ilikuwa yangu."

Akawageukia wenzake. "Angalau huyu anajua idadi ya miguu yake," akasema, na wawili wakacheka chini ya ndevu zao. Wakatupa mwaka mmoja zaidi. Ngoma hazikuingia ghalani.

Mwaka uliofuata nilipiga ngoma kubwa ya tatu, na tulikuwa wa pili, nyuma ya Matuu. Nilibaki kikosini miaka minne. Sasa naweza kukupa ushahidi juu ya zile hofu za Mumbua, nao nautoa kwa kipimo. Je, mkono hufa? Wangu haukufa. Miaka yote ile akina mama waliendelea kuniita harusini, na walisema nimekuwa mtulivu. Huo ni mkono mmoja na shahidi mmoja. Siwezi kuapa kwa mikono ya wengine. Je, waamuzi hununuliwa? Nilimwona mmoja aliyekosea kujumlisha, tukamwonyesha, akasahihisha. Aliyenunuliwa sikumwona. Hiyo haina maana kwamba hayupo duniani; ina maana kwamba sina haki ya kumtaja.

Na kwa niliyopewa na kikosi kile nashukuru bila kipimo. Nilifundishwa kwamba kimya nacho huhesabiwa, na kwamba kidole kimoja hakivunji chawa hata kiwe kidole cha fundi. Nilifundishwa kumsikiliza wa pili kabla sijapiga mimi wa tatu. Nilipokuwa mwalimu, kila mtoto aliyekaa nyuma asiyesema kitu nilimwendea kwanza, kwa sababu nilijua pengo la mtu mmoja linavyoweza kusikika uwanja mzima. Mwalimu Nzioka nilimzika kwa mikono yangu, na nilimshukuru angali hai. Hilo nalo nalitaja kwa furaha, kwa kuwa wengi husubiri jeneza ndipo washukuru.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kijana anaweza kujiunga na kikosi kwa sababu njema au kwa sababu ya vifungo vya shaba vya sare, na zote mbili nimeziona. Anaweza pia kukataa kwa sababu njema. Kama mama yako anakuhitaji shambani kila Jumamosi, hiyo ni sababu yenye miguu. Baki, na usione haya. Kama muziki wako unataka kutembea peke yake, uache utembee. Mwenzetu mmoja aliyependa gitaa alimwambia Mwalimu hivyo usoni, wakapeana mikono, na hakuna aliyemdharau. Lakini usikubali wala kukataa kwa sababu ya neno lisilo na mwenyewe. Mwendee aliyekupa nafasi, umwulize kwa nini amekupa hiyo. Usipime nafasi kwa wingi wa kelele zake. Na ukiamua kutoka, tokea mlangoni, mchana, baada ya kuaga. Maana kuna mtu anayengoja kukusikia ili ajue zamu yake.

Mungu aliyekupa masikio akupe na subira ya kuyatumia. Mikono yako isikose kazi, na kazi yako isikose wenzako. Uheshimiwe na walio mbele yako katika safu, na wasianguke walio nyuma yako. Uzeeke, nawe upate wa kumwambia haya.

Leo ni Jumamosi. Asubuhi Mumbua alikuja uani akiwa na vijiti vyake amevifunga kwa leso. Nilimtemea mate kidogo viganjani, baraka ile ile niliyopewa na wazee wangu, naye akacheka lakini hakuipangusa. Hakuniambia kama atajiunga. Alisema tu anaenda kumwuliza mkufunzi maswali matatu, na akanionyesha karatasi aliyoyaandikia. Nilimtazama akishuka mteremko, akalipita shamba la mbaazi, akafika penye barabara ya lami. Hapo alisimama, akaisoma karatasi yake mara moja zaidi, akaitia mfukoni, kisha akageuka upande wa Machakos.